Maswali ya Wasomaji: Mabango ya Kuhimiza Uvumilivu Yakichanwa, Tufanye Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati inayojiandaa kupokea maonyesho ya mabango ya kuhimiza uvumilivu, yale yanayozungushwa mji hadi mji na kutundikwa mahali pa wazi. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba atakayeguswa ni yule aliyekwisha kuyakubali, na kwamba mwenye chuki atapita bila kuyatazama. Wengine wanahofia yatachanwa au kuchafuliwa, nasi tubaki na aibu. Je, kazi hii ina faida yoyote? Na yakiharibiwa, tuyaondoe?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya wenzako ina msingi, kwa hiyo nitaanza nayo. Mwezi Mei mwaka 2019 mpiga picha Luigi Toscano alitundika kando ya barabara ya Burgring, katikati ya jiji la Vienna nchini Austria, picha kubwa za sura za wazee walionusurika mateso na mauaji ya utawala wa Nazi. Maonyesho hayo yalikuwa yamekwisha kupita katika miji mingine, ukiwemo Washington. Huko Vienna yalishambuliwa zaidi ya mara moja: baadhi ya picha zilichorwa swastika, yaani alama ya Wanazi, nyingine zikakatwa kwa kisu usoni.

Yaliyofuata ndiyo ninayoomba kamati yako iyatafakari. Watu walikuja na sindano na uzi wakazishona nyuso zile palepale barabarani, na mishono ikaachwa ionekane. Vijana wa shirika la Kikatoliki la Caritas, vijana wa Kiislamu waliokuwa katika mwezi wa Ramadhani, pamoja na wasanii, walipanga zamu za kuzilinda usiku na mchana. Sidai kwamba mwenye kisu alibadilika moyo. Ninachosema ni kwamba katika kila mji wapo watu wengi wasio na chuki ila wamezoea kunyamaza, na hao, kwa maoni yangu, ndio walengwa wakuu wa maonyesho ya namna hii. Picha iliyokatwa iliwapa jambo la kufanya kwa mikono yao, tena hadharani, mbele ya majirani wao. Kwa hiyo ukiulizwa faida iko wapi, usihesabu wenye chuki waliotubu. Tazama ni nani waliojitokeza ambao zamani hawakuwahi kujitokeza.

Hoja ya kwamba mabango huwagusa waliokubali tayari ina nguvu zaidi kwa maonyesho ya ndani ya jumba, ambako mtu huingia kwa hiari yake. Barabarani mtu hukutana na picha bila kukusudia. Mwaka 2007 msanii wa Kifaransa anayejulikana kwa jina la JR, akishirikiana na mwenzake Marco, alibandika picha kubwa za Waisraeli na Wapalestina wanaofanya kazi ya aina moja, zikiwa bega kwa bega, kwenye pande zote mbili za ukuta unaowatenganisha na katika miji kadhaa. Walipigwa picha kwa karibu sana huku wakikunja nyuso na kufanya vituko. Miongoni mwao walikuwamo imamu, padri na rabi. Kwa maelezo ya JR mwenyewe, wapita njia walipoulizwa nani ni nani, wengi walishindwa kujibu. Mtu aliyeshindwa kumtambua adui yake amekwisha kupata swali la kwenda nalo nyumbani, ingawa hakuja kutazama sanaa.

Sasa nijibu swali la kuondoa. Bango lililochanwa msiliondoe kimyakimya, kwa kuwa mkifanya hivyo aliyelichana ndiye atakayekuwa ameamua nini kionekane mjini. Lipigeni picha, toeni taarifa polisi, kisha lishoneni au liungeni mbele ya watu. Hata hivyo, alama ya kutisha au tusi dhidi ya kundi fulani lifuteni au mlifunike siku ileile, maana likiachwa linawaumiza walewale mnaotaka kuwatetea. Wekeni pia watu wa kukaa karibu na mabango mchana kutwa, si walinzi tu bali watu wenye subira ya kuzungumza. Anayesimama na kubishana nanyi ni tofauti kabisa na anayekuja usiku na kisu, nanyi msimweke katika fungu moja naye. Aulizwe kinachomkera, na asikilizwe mpaka amalize.

Jambo la mwisho kwako: alikeni wasanii wa mji wenu wachangie. Maonyesho ya mabango yaliyoanzishwa mwaka 2017 na mbunifu Mirko Ilić, mzaliwa wa Bosnia anayeishi New York, humtaka kila msanii aandike neno la uvumilivu kwa lugha yake mwenyewe. Wakazi wanapoliona neno hilo kwa lugha wanayoisema, ni vigumu kwao kudai kwamba jambo lenyewe limeletwa na wageni.

SWALI: Mimi ninatoka katika jamii ndogo inayobaguliwa. Kila nikiona mabango hayo ninahisi ninaambiwa nimvumilie anayenidhulumu. Je, nimekosea?

JIBU: Ndugu yangu, hisia yako ni ya haki, na yapo mabango yanayostahili lawama hiyo, hasa yanayochora pande mbili zikipeana mikono kana kwamba zimekoseana sawasawa. Lakini Azimio la Misingi ya Uvumilivu lililopitishwa na UNESCO tarehe 16 Novemba 1995, siku ambayo sasa huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Uvumilivu, linasema wazi katika kifungu chake cha kwanza kwamba kuwa mvumilivu si kuikubali dhuluma katika jamii, wala si kuacha au kulegeza yale unayoyaamini. Maonyesho yakija kwenu, iombe kamati iwaweke watu wa jamii yako miongoni mwa wanaochagua mabango, si miongoni mwa wanaochorwa tu. Wakikataa, waandikieni barua mkieleza ni bango gani linalowaumiza na kwa nini, nanyi mtake majibu kwa maandishi kabla ya siku ya ufunguzi.