Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: anzia paani, sebule iwe ya mwisho

Mkuu, kwa maelezo uliyotoa: nyumba ya mawe na chokaa, chini na juu, mmeirithi ninyi watoto, na mnataka kuikarabati chumba kwa chumba kadiri pesa zinavyopatikana. Mmepanga kuanza na sebule. Fundi amewaambia mbandue plasta yote mpige ya saruji, na choo cha juu mmwage zege la nondo.

Kufanya kwa vipande hakuna ubaya, wengi hawana njia nyingine. Kinachotakiwa kubadilika ni mpangilio wa vyumba, na hiyo saruji.

Kwenye nyumba hizi ubovu unashuka wima. Paa likivuja, kwanza vinaoza vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani, kisha ukuta ulio chini yake unalowa, mwisho dari ya chumba cha chini inaanza kudondosha vipande. Kwa hiyo panga kazi kwa safu: paa, chumba cha juu, na chumba kilicho chini yake. Ikiisha hiyo ndipo mhamie safu ya pili. Safu ya kwanza iwe yenye choo, maana humo ndimo maji yanamwagika kila siku, mvua iwepo isiwepo. Sebule mkiipendezesha mwanzo, mtaipaka rangi mara mbili.

Kabla ya nyundo, kibali. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi hizi zinapitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Piga picha kila chumba, milango, madirisha na baraza, ambatanisha na maombi. Kama nyumba au sehemu yake ni wakfu, hapo kuna ridhaa nyingine ya kutafuta. Zungumza pia na majirani: kuta nyingi ni za ushirika, na boriti za mwenzio huenda zimekaa kwenye ukuta huohuo mnaotaka kuuchokonoa.

Paa. Fanyeni kuanzia Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Msifungue paa Machi kwa matumaini kwamba masika yatachelewa. Kama kuna mabati juu, angalieni zaidi mifereji na bomba za kushushia maji kuliko mabati yenyewe. Paa la mita za mraba 60 mvua ya milimita 100 kwa saa ikipiga linatoa lita 100 kila dakika. Bomba la inchi 4 lililo wazi linayabeba. La inchi 2 linaziba kwa majani na kiota cha ndege, maji yanarudi nyuma ya ukingo na kuingia katikati ya ukuta, na mtahangaika kuutafuta "mvujo" chumbani wakati chanzo kiko nje. Miti iliyoota ukutani isivutwe. Kata shina, ua mzizi kwa dawa, ngoja ukauke, kisha tomea tundu kwa vijiwe na chokaa. Ukiung'oa ungali mbichi unatoka na mawe yake.

Kama paa ni la sakafu, lile bapa la kupigwa kwa chokaa, pima unene wake kabla ya kuongeza chochote. Desturi ilikuwa kila likivuja linaongezwa tabaka juu. Sentimita 30 za zege la chokaa na kifusi ni karibu kilo 500 kwa kila mita ya mraba, na kuna mapaa yamepita hapo. Mara nyingi dawa ni kupunguza: ondoeni matabaka ya karibuni, hasa ya saruji, kwa patasi ndogo na ndoo, kidogo kidogo pande zote mbili za chumba. Msirundike kifusi katikati ya sakafu hata kwa siku moja.

Sasa boriti, na hapa msiwe na haraka. Hizi ni nguzo za mikoko zenye urefu wa mita 2.5 hadi 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Katikati ya boriti huwa nzima hata baada ya miaka mingi; kinachokufa ni kichwa. Chukua bisibisi, sukuma pale boriti inapoingia ukutani, moja baada ya nyingine. Ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, hiyo imeoza. Gonga pia kwa nyundo ndogo na usikilize: nzima inalia kavu, mbovu inaitika butu. Unga mweupe sakafuni chini yake ni wadudu, vijia vya udongo ni mchwa. Andika namba kwa chaki kwenye kila boriti na uchore ramani ya chumba. Fundi asiye na ramani atabadilisha zile zilizo rahisi kufikika.

Kubadilisha: simamisha mirunda na ubao juu na chini, na kama chumba kiko juu, mirunda isimame pia chumba cha chini mpaka ardhini, la sivyo mzigo unaushusha kwenye sakafu isiyouweza. Toa boriti moja kwa wakati, zenye afya zikiwa pande zote mbili. Tundu la upande mmoja lichimbwe kirefu zaidi ili boriti mpya iingie, kisha irudishwe upande wa pili. Kila kichwa kilale angalau sentimita 15 ndani ya ukuta, juu ya jiwe bapa. Paka kichwa dawa ya mchwa, zungushia mawe na chokaa, lakini acha nafasi ndogo ya hewa kwenye ncha. Kukifunga kwa nailoni au kukizika kwenye saruji ndiko kunakokiozesha, kwa sababu unyevu ukiingia hautoki. Nunua boriti zilizokaushwa kivulini, zilizonyooka, kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu. Zikiwa zimeoza vichwa vyote upande mmoja, kuna njia ya bei nafuu: mhimili wa mbao ngumu wa inchi 4 kwa 6 upite chini yake kando ya ukuta, ukikalia mawe yaliyojengewa.

Choo cha juu. Zege la nondo la sentimita 10 ni kilo 240 kwa mita ya mraba, na ili likae inabidi ukate mfereji kwenye ukuta ambao ni mawe mawili ya nje na kifusi katikati. Juu ya hapo, mawe ya matumbawe yana chumvi, maji ya choo yanaisafirisha, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kwa chini. Ushauri wangu wa kwanza ni kushusha choo chini. Kama haiwezekani, kiachwe palepale pa asili. Ng'oeni vigae, kagueni boriti, pigeni zege la chokaa lenye kokoto za matofali ya kuchoma (ni jepesi), mteremko wa sentimita 2 kwa mita kuelekea tundu la maji. Juu yake tabaka mbili za dawa ya kuzuia maji inayonyumbuka, zipande ukutani sentimita 20, na penye bomba la kuogea zifike mita 1.8. Halafu jaribio ambalo mafundi hulikwepa: ziba tundu, jaza maji sentimita 3, yaache saa 24, mtu asimame chini atazame dari. Ndipo vigae. Mabomba yapite nje ya ukuta, yaonekane. Hayapendezi, lakini yakivuja utajua siku hiyohiyo.

Plasta ya saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Ukuta unapumua na kusogea kidogo, plasta haisogei, inaachia na kubaki ganda. Nyuma yake maji yanapanda, chumvi inajikusanya, mawe yanakuwa unga. Lakini simwambii mtu abandue kila kitu. Gonga ukuta mzima: panapolia pakavu na panaposhika, acha. Palipo patupu, toa kwa patasi ndogo, msitumie nyundo kubwa wala mashine ya kutikisa. Mkikuta ukuta una tumbo na umepotea kwenye timazi, simamisheni kazi mwiteni mhandisi anayejua mawe. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Mji Mkongwe la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 25, 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili walifariki. Nyumba hizi zinakuwa dhaifu zaidi wakati zimefunguliwa.

Chokaa yenyewe: ikitoka tanuuni haijazimwa, mimina chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, kwa hiyo miwani, glavu na viatu vya mpira, watoto mbali. Chuja kwa wavu wa milimita 3, hifadhi kwenye shimo au pipa chini ya maji ya sentimita 5. Mwezi mmoja kwa kujengea, mitatu kwa plasta ya mwisho na kupaka. Kwa hiyo zimeni chokaa wiki mnayoomba kibali. Mchanga usiwe wa pwani. Tia mchanga na maji kwenye chupa, tikisa, acha utulie: tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi, uoshe au tafuta mwingine. Uonje pia, chumvi utaijua.

Uwiano ni chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa kujengea na tabaka za chini, 1 kwa 2 kwa la mwisho. Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi. Mashimo yatomewe kwanza. Kila tabaka lisizidi milimita 10 hadi 12, likwaruzwe, lisubiri wiki moja au zaidi. Chokaa haigandi kama saruji, inakaza polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa, na inahitaji unyevu kufanya hivyo. Tundikeni magunia yaliyolowa kwa wiki nzima, hasa upande unaopigwa na jua la kaskazi. Nyufa ndogondogo siku ya pili maana yake ukuta ulikuwa mkavu au tabaka lilikuwa nene. Fundi atakayesema "tutie saruji kidogo ikaze upesi" anawaza siku yake ya kuondoka.

Mita ya chini ya kuta ambayo ina chumvi, isioshwe kwa maji. Piga brashi kavu, kusanya unga uutoe nje, piga plasta dhaifu ya chokaa, iache ifyonze chumvi mwaka mmoja au miwili, kisha ibandueni na kupiga nyingine. Ni ya kutupwa, ihesabiwe hivyo kwenye bajeti. Rangi iwe chokaa nyembamba kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki inafunga kila kitu mlichofanya.

Jikoni na vyumba vya kulala havina mengi. Waya zipite kwenye mabomba juu ya plasta, zishuke wima tu. Mfereji wa kulala unakata uso wa ukuta. Tangi la lita 1,000 ni tani moja, likae ardhini au pale kuta zinapokutana, lisikae katikati ya boriti. Maji ya kiyoyozi yaelekezwe kwenye mfereji, kwani tone lilelile kila sekunde kwenye ukuta wa nje linaharibu kama paa bovu.

Sebule ikifika zamu yake, kazi ni ndogo: zisafisheni zidaka (vishubaka vya ukutani) kwa kisu cha mbao, msizizibe ili kupata ukuta wa televisheni. Mlango wa nakshi usipigwe msasa wa mashine, unakula ncha za maua. Ondoa rangi kwa dawa laini na brashi ya nyuzi, njumu (misumari ya shaba ya mapambo) zisuguliwe zikiwa mahali pake, halafu mafuta ya kitani, mkono mwembamba, yafutwe ziada baada ya nusu saa. Matambara yaliyofutia mafuta hayo yatandazwe nje yakauke, yakikunjwa na kutupwa kwenye kona yanaweza kujiwasha moto yenyewe.