Kabla ya kubishana na asiyeamini ugonjwa

Mwaka 2020 nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Foleni ya malori ilienda kilomita nyingi upande wa Kenya, madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Wengi walikataa kwamba korona ipo, na naomba tusiwaite wajinga. Walikuwa na hoja.

Dereva hana homa, hakohoi, ametoka kula ugali na nyama, halafu anaambiwa ni mgonjwa. Aamini karatasi au mwili wake? Tena mgonjwa wa kwanza Uganda alitangazwa tarehe 21 Machi, kifo cha kwanza Julai. Katikati hapo, Mei, madereva wa kigeni wakaondolewa kwenye hesabu ya wagonjwa. Nani asingeshuku?

Lakini chini ya hoja kulikuwa na hofu. Dereva mmoja wa Mombasa alinishikilia na video za kwenye simu, moja baada ya nyingine. Sikubishana. Nikamuuliza, "Kaka, wakisema unao, itakuwaje?" Akaiweka simu mfukoni. Akasema tajiri atampa mtu mwingine gari, na mkewe amekaribia kujifungua. Kuikubali korona kulikuwa kupoteza kazi. Kuikana hakukumgharimu kitu, siku ile.

Kwa hiyo usianze na takwimu. Anza na kile atakachopoteza, na kama kuna msaada, utaje kwanza. Pale anaposema kweli, mkubalie waziwazi. Na tafadhali usimbane mbele ya wenzake: mtu akishatamka hadharani kwamba hakuna ugonjwa, atalinda maneno yake kuliko mapafu yake. Mvute pembeni.

Wapo wanaosema watu wakiona vifo wataamini. Sikubaliani nao. Ebola ilipotangazwa Mubende, hapa Uganda, Septemba 2022, watu walikuwa wanakufa, na bado wapo waliosema ni uchawi. Ukiulizia atakachopoteza mtu, utaelewa. Aliyekufa kwa uchawi anaoshwa na ndugu zake, anazikwa kwa heshima zote. Wa Ebola anachukuliwa na watu waliofunikwa mwili mzima, na ndugu haruhusiwi kumgusa.

Ukitumwa kwenye msiba wa namna hiyo, usitangulize habari za virusi. Kaa na wazee wa ukoo kwanza mpatane: nani ataongoza dua, na familia isimame wapi, mbali na maiti lakini waone kaburi.