Mpira wa Tyubu Haufai Kwenye Injini

MASWALI YENU KUHUSU MAGARI YA ZAMANI

SWALI: Ndugu mhariri, ninafufua Peugeot 404 aliyoiacha marehemu baba yangu. Gasketi ya mpira ya kifuniko cha valvu nimeitafuta Kampala nzima bila kuipata. Fundi mmoja hapa mtaani alinikatia nyingine kutoka kwenye tyubu ya lori, nayo baada ya wiki mbili ikavimba na oili ikaanza kuvuja. Je, ninaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kufuata umbo la ile ya zamani? Na mipira ya breki je?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yangu wa Jinja, pole kwa kuondokewa na mzazi, na hongera kwa kulitunza gari lake. 404 ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na inastahili kazi safi.

Fundi wako huenda alikata vizuri sana, ila alikosea kuchagua mpira. Tyubu nyingi hutengenezwa kwa butili, mpira unaosifika kwa kuzuia hewa isipenye. Lakini butili, sawa na mpira asilia, hunyonya oili na petroli, kwa sababu umbile lake linakaribiana na la mafuta hayo, nayo hupenya kati ya nyuzi zake na kuzitanua. Mimi mwenyewe niliwahi kumfungia mteja gasketi ya tyubu, nikajiridhisha kwa kuwa siku ya kwanza haikutoa hata tone. Aliporudi, mpira ulikuwa umechomoza pembeni mwa kifuniko kama ulimi, laini kiasi cha kukatika kwa kucha. Tangu siku hiyo siruhusu tyubu ikaribie oili.

Mahali penye oili au petroli, tumia mpira wa nitrili. Mpira uitwao EPDM hustahimili jua, mvua na maji ya rejeta, lakini oili huuharibu. Na silikoni, ingawa huvumilia joto kali, huvimba ikikaa ndani ya petroli. Kwa kuwa wauzaji wengi huita kila shiti jeusi mpira tu, omba kipande kidogo kabla ya kulipa. Kikate kiwe na urefu wa milimita 50 kamili, kitie kwenye chupa ya kioo yenye petroli, ifunike na uiweke nje mbali na moto, kisha kipime tena baada ya siku mbili. Kikirefuka kwa milimita kadhaa na kuwa laini, tafuta mpira mwingine.

Kuhusu umbo, usifuate gasketi ya zamani. Imekaa kwenye joto miaka mingi, imekakamaa na kusinyaa, hivyo matundu yake hayalingani tena na ya chuma. Safisha ukingo wa kifuniko chenyewe, tandaza karatasi ngumu juu yake, kisha pitisha kidole chenye oili kidogo kwenye kingo zote mpaka alama ya kila tundu itokee. Hamishia alama hizo kwenye mpira na ukate kwa wembe mpya uliochovywa majini, kwa sababu wembe mkavu hung'ang'ania na kuuvuta mpira. Matundu ya boliti yatoboe kwa kipande cha bomba la chuma kilichonolewa mdomo, mpira ukiwa juu ya ubao; tundu lililokatwa kwa kisu huwa na kona, na mpasuko huanzia hapo.

Unene wa milimita 3 kwa kawaida unatosha, ukikaza boliti kidogo kidogo kwa kupishanisha pande, mpaka mpira ubonyee kwa takribani robo ya unene wake. Anayekaza mpaka mpira utoke nje ameshauharibu, na huenda amepinda kifuniko pia.

Mipira ya breki usiitengeneze kabisa, hata kama mkono wako ni mwepesi namna gani. Hiyo nunua mipya, kwa sababu hubeba shinikizo kubwa na uhai wa watu.

SWALI: Nimenunua mpira wa kioo cha mbele unaouzwa kwa mita, lakini maji yanapenya penye kiungo. Nifanyeje?
Msomaji, Mbale

JIBU: Inaelekea uliukata kwa kipimo kamili, nao ukajivuta baada ya kufungwa. Kata mwingine ukiacha ziada ya milimita chache ili ncha zisukumane, zifute kwa spiriti, uzigandishe kwa supagluu, na kiungo ukiweke juu katikati, kwa kuwa maji hutuama chini. Wakati wa kurudisha kioo, zungushia kamba nyembamba ndani ya mfereji wa mpira, paka maji ya sabuni, mwenzako asukume kioo kutoka nje, nawe ukiwa ndani uivute kamba taratibu ili mdomo wa mpira upande juu ya bati.