Muulize Fundi: Bolti Mpya, Imekatikaje Bila Kupinda?

SWALI: Salaam aleikum mzee fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi huku Kizingitini. Mashine yetu ya farasi 40 imeshikwa na bolti nne kwenye ubao wa tezi. Za zamani zililiwa na kutu, nikanunua mpya zenye maandishi 8.8, nikaambiwa hizo ndizo ngumu. Kusi hili moja imekatika kavu, haikupinda hata kidogo, mashine ikalala upande na sisi tuko nje ya mwamba. Wenzangu wanasema nimeuziwa bandia. Ni kweli? Na nikitia 10.9, nitakuwa nimepona? Kipande nimekupelekea na basi la kutoka Mokowe.

JIBU: Wa aleikum salaam, nahodha. Kipande kimefika hapa Malindi salama, na umefanya vizuri kutokisugua. Uso wa chuma kilichokatika ndio shahidi, lakini watu wengi huupiga msasa kwanza, halafu ndiyo waje kuuliza.

Nimekiosha kwa mafuta ya taa na brashi laini, nikakitoa juani. Mkato umeanzia kwenye bonde la hesi (ile mifereji inayozunguka bolti), pale pale nati inapoanza kushika. Kutoka hapo, kama theluthi mbili za uso ni laini, na zina mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo maji huiacha mchangani yakipwa. Sehemu iliyobaki ni ya kijivu, ina chengachenga. Sasa angalia kutu: ule upande laini umejaa kutu ya kahawia, wa chengachenga karibu hauna. Yaani ufa ulikuwemo siku nyingi, maji ya chumvi yakiingia na kutoka, na nyinyi mnavua tu. Siku ile ulimalizikia.

Bandia? Sidhani. Kipande kilichobaki nilikibana kwenye jiliwa nikakipiga nyundo. Kilipinda kwanza, hakikupasuka kama chungu. Tupa nayo inakiuma sawasawa na inavyouma 8.8 ninayoiamini. Si kipimo cha maabara hicho, lakini mwenye duka msimwandame bado.

Hizo namba zina maana yake. 8 ya kwanza inasema chuma hicho hukatika kikivutwa kwa nyutoni 800 (nyutoni kumi ni kama uzito wa kilo moja) kwa kila milimita ya mraba. 8 ya pili inasema kikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640, huanza kurefuka na hakirudi tena. Bolti yako ni ya milimita 12, na kwenye hesi nyama yake ni kama milimita 84 za mraba. Piga hesabu: karibu nyutoni 67,000, sawa na kuning'iniza tani sita na nusu na ushee. Mashine yako haifiki hata kilo mia. Na lau ingekatwa kwa mvuto mmoja, ingerefuka kwanza na kujibana kiuno kabla ya kuachia. Yako haina kiuno.

Chuma hicho kimechoka, nahodha. August Wöhler, Mjerumani wa mambo ya reli, alilionyesha jambo hili katika karne ya 19 kwa majaribio ya ekseli za mabehewa: mzigo mdogo unaorudiwa mno huvunja chuma ambacho mzigo huo huo, ukija mara moja, haukitingishi. Mashine ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, mtikisiko ni 50 kwa sekunde, 180,000 kwa saa. Hapo sijahesabu mawimbi ya kusi. Na kwenye maji ya chumvi mambo huzidi, maana kutu huchimba vishimo, na kila kishimo ni mahali pa ufa kuanzia.

Lakini mtikisiko huo ungepita bila madhara makubwa kama nati ingekuwa imekaza. Bolti iliyokazwa barabara imeshajivuta yenyewe na kuubana ubao, kwa hiyo mtikisiko mwingi hubebwa na vile vitu vilivyobanwa pamoja. Ikilegea, mzigo wote huiangukia yenyewe, unakuja na kwenda. Na ubao wa tezi haukai hivi hivi: hulowa ukavimba, hukauka ukasinyaa, na washa ndogo, kile kisahani cha chini ya nati, huuzamia. Nadhani hapo ndipo shida yako ilipo.

Kwa hiyo 10.9 achana nayo. Ni kweli hukatika kwa nyutoni 1,000 kwa kila milimita ya mraba, lakini chuma kigumu zaidi huumizwa zaidi na kila mkwaruzo. Tena ugumu si ukakamavu: kabla hakijaanza kurefuka moja kwa moja, chuma laini na kigumu hunyumbuka sawa chini ya mzigo mmoja. Tafuta bolti ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, iliyoandikwa A4-70. Nguvu yake ni 700, chini ya hiyo yako, ila inaivumilia bahari. Paka grisi kwenye hesi kabla ya kukaza, kwa sababu stenlesi kavu kwa kavu hung'ang'aniana, na ukishika spana utalia. Tundu nalo lizibwe vizuri lisilowe ndani. Stenlesi iliyofukiwa kwenye mbao mbichi bila hewa huoza kimyakimya. Weka bamba pande zote mbili badala ya washa ndogo. Kaza, nenda baharini, rudi ukaze tena.

Badilisha zote nne. Hizo tatu zimetikiswa pamoja na marehemu. Ukitaka kuona, zilowanishe kwa mafuta ya taa, zipanguse zikauke, zipake chaki, usubiri. Penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki.

SWALI: Nasimamia ujenzi wa nyumba hapa Malindi. Vijana hupinda nondo zilizochomoza zisiwakwaze, kisha wakazinyoosha. Mbili zimekatika. Ni chuma kibovu?

JIBU: Si lazima, bwana. Nondo ina akiba ya kurefuka, na kila ukiipinda ukainyoosha unaila akiba hiyo pale pale penye kona. Chuma huwa kigumu na huishiwa uvumilivu. Wala wasiichome kwa gesi ili ilainike, maana nondo nyingi za siku hizi nguvu yake hutokana na kupozwa ghafla kiwandani, na moto unaifuta. Zikate mahali palipo sawa, muunganishe mpya kwa kupishanisha urefu ambao mhandisi ameuandika kwenye ramani. Zilizobaki ziacheni zimesimama, mzivike chupa za plastiki vichwani.