Je, Baba Alitudanganya Kuhusu Uhura?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa Nansio, Ukerewe. Baba yangu alifariki mwaka juzi, na kati ya vitu alivyotuachia kuna kasha la DVD za sizoni ya pili ya Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya safari za anga za juu, ile ya zamani, ya Kapteni Kirk na Spock. Tulikuwa tukiiangalia naye tulipokuwa wadogo. Nimeanza kuirudia, lakini diski ya kwanza ikifika episodi ya tatu inaganda: picha inavunjika vipande vya mraba, kisha deki inasimama kabisa. Baba alikuwa akituambia kwamba humo ndani yule dada wa mawasiliano, Uhura, anaongea Kiswahili. Kaka yangu anasema mzee alitutungia tu ili tutulie. Na mwanangu wa darasa la sita anacheka, eti mawe ya kwenye sayari zao ni ya maboksi. Je, nihangaike nayo au wakati wake umepita?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nianze na yeye, diski itasubiri. Baba yako hakuwadanganya. Na episodi inayokugandia ndiyo hiyohiyo yenye Kiswahili.

Inaitwa The Changeling. Wamarekani waliiona mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967. Mtambo uitwao Nomad, unaoangamiza kila unachokiona kina kasoro, unaingizwa ndani ya Enterprise, meli yao ya anga. Unamsikia Uhura akiimba, haujui kuimba ni kitu gani, basi unamfuta kichwani kila alichowahi kujifunza. Hafi. Muuguzi Chapel anakaa naye na kumfundisha kusoma upya, kwa sentensi za kitoto za mbwa na mpira. Neno linamshinda, anakasirika, na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Chapel anamkatiza na kumrudisha kwenye Kiingereza. Ni muda mfupi mno. Ukiinuka kwenda kuchungulia chungu jikoni utaukosa.

Mimi niliiona mara ya kwanza nilipokuwa na maktaba ya video pale Kirumba, Mwanza. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuwa akiishi Bwiru alimaliza mkataba wake, akaniachia sizoni zote 3. Sikuzikodisha sana, wateja walitaka mapigano na filamu zilizotafsiriwa. Lakini usiku huo nilipomsikia Uhura, nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Lugha yangu, kwenye meli ya nyota! Furaha yangu iliishia hapo.

Mwaka jana nikairudia yote, episodi 26, moja kila jioni baada ya chakula, na mjukuu wangu aliyekuwa ameanza kidato cha kwanza. Tulipofika hapo akaniuliza, "Bibi, mbona anakatazwa?" Shuleni kwao kuna kibao kinachosema kuongea Kiingereza tu. Alikuwa amesoma miaka saba kwa Kiswahili, darasani akinyoosha mkono kila swali, na ghafla alikuwa ameingia mahali ambapo anachokijua hakina mdomo wa kukisemea. Nikarudisha nyuma, tukaitazama tena. Safari hii sikupiga kelele. Niliona kwamba ule mtambo ulidhani umefuta kila kitu, kumbe Kiswahili kilibaki. Kisha mtu mwema kabisa, muuguzi anayempenda mgonjwa wake, akakipita kama vile si kitu, akaendelea na kitabu.

Wapo wanaoona aibu kwa sababu daktari anasema Uhura atarudi kazini ndani ya wiki moja. Wanauliza elimu ya miaka inarudije kwa siku saba. Kwangu hilo ni dogo. Linalonichoma ni kwamba hakuna aliyemjibu kwa lugha aliyoisema.

Na angalia tarehe, mwanangu. Ni mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea, Machi. Sisi huku tulikuwa tunajadili mtoto afundishwe nini na kwa ajili ya nani, na kule studio za Marekani mwanamke mweusi anafundishwa kusoma upya huku Kiswahili kikimtoka. Hatukuweza kumwona, Tanzania Bara ilipata televisheni yake mwaka 1994. Ndiyo maana nazithamini diski. Zilituletea kilichotupita.

Jina lake lenyewe limetokana na neno letu uhuru, irabu ya mwisho ikabadilishwa. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo na kufariki Julai 2022, alisimulia mara nyingi kwamba sizoni ya kwanza ilipoisha alitaka kuacha. Akakutana na Martin Luther King, naye akamsihi abaki, kwa sababu watu weusi walikuwa wanajiona pale. Bila mazungumzo hayo, sizoni hiyo ya mzee isingekuwa na Uhura. Usitarajie lafudhi ya Unguja, lakini fungua masikio. Kaka yako akibisha bado, mwambie hata The Man Trap ya sizoni ya kwanza, iliyorushwa 8 Septemba 1966, ina Kiswahili: kiumbe kinajigeuza kijana mweusi na kumsemesha Uhura kwa lugha hiyo.

Sasa diski. DVD za sizoni kwa kawaida zina tabaka mbili za data. Deki inasoma la kwanza kutoka tunduni kwenda ukingoni, kisha inahamia la pili na kurudi kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kwenye diski yenye episodi 4, ya tatu huangukia karibu na hapo inapogeuka, yaani ukingoni, mahali tunapozishika kwa vidole. Vidole vya watoto wa mzee, mikono ya mafuta ya samaki, unanielewa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu, ijaribu kwenye deki nyingine. Deki iliyochoka hushindwa kwanza tabaka la pili, hasa huko kwenu na kwetu ambako unyevu wa ziwa na wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi huingia mpaka kwenye lenzi.

Ikiganda na huko, ioshe. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, ipapase taratibu kwa ncha za vidole, suuza. Kausha kwa kanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika, ukifuta kwa mstari ulionyooka kutoka tunduni kwenda nje. Usizungushe kitambaa kama unasugua sahani. Mkwaruzo wa kuzunguka hufuata njia ileile ya data na kuifunika kwa urefu, ila mkwaruzo wa kukatiza deki inaweza kuuruka. Ianike kivulini. Usiguse dawa ya meno, na usithubutu kutumia tina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mteja wangu mmoja alinirudishia diski imekuwa nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, na hiyo haikupona.

Moyo usikuvunjike ukiona mistari. Kwenye DVD data imelala katikati, ina plastiki ya zaidi ya nusu milimita chini yake, kwa hiyo mikwaruzo mingi ni ya juujuu tu.

Kuhusu mwanao na mawe ya maboksi: ni kweli, ni ya maboksi au kitu kama hicho. Kati ya 2006 na 2008 wenye filamu walitengeneza upya kwa kompyuta picha za meli na sayari, lakini mawe ya studio yalibaki. Mimi nisingehangaika kutafuta toleo jipya. Mkalishe kijana aangalie episodi ya sita, The Doomsday Machine. Mtambo mkubwa unakula sayari, ndiyo, unaonekana wa kuchongwa. Mwambie asiangalie mtambo, amwangalie kamanda Decker. Aliwateremsha watu wake wote kwenye sayari ya tatu ili wawe salama, yeye akabaki melini, na ule mtambo ukaila sayari hiyo. Kirk anapomuuliza watu wako wapi, angalia uso wa Decker. Kwa mtu wa Ukerewe aliyekuwepo Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara, uso ule hauhitaji tafsiri. Mwanao hatacheka.

Hangaika nayo basi. Ikishakauka, usiiweke kwenye deki peke yako. Mpigie kaka yako aje kwanza, akae, ndipo ubonyeze.