Ukili kwanza, mkeka baadaye

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa tasnifu, nimeyasikia maswali yenu pale nje ya maktaba. Sura ya kwanza iandikwe lini, mapitio ya maandishi yafike kurasa ngapi, msimamizi akinyamaza mwezi mzima tufanyeje. Mengi ya hayo yamo katika mwongozo wa idara, usomeni. Mimi nataka kuwaeleza jambo ambalo halimo humo. Nililipata barazani kwa Bibi yangu huko Bombo, mji wa wilaya ya Luweero hapa Uganda, mbele ya fungu la chane, yaani majani yaliyochanwa ya kusukia, na sindano nene ya kushonea mikeka.

Utafiti wangu ulihusu ufundishaji wa Kiswahili katika shule za sekondari za wilaya ya Luweero. Lugha hii nimekulia ndani yake. Sisi ni Wanubi. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, ambao Lugard, afisa Mwingereza, aliwaingiza katika jeshi lake mwaka 1891, na Bombo, iliyokuwa kambi, ikawa kwetu. Nyumbani tuliongea Kinubi, na tukitoka mlangoni tu ni Kiswahili. Waganda wengi wa umri wa wazazi wangu walikiona Kiswahili kuwa lugha ya mtutu wa bunduki, na siwezi kuwalaumu, maana ndivyo walivyokutana nacho. Basi Julai 2022, baraza la mawaziri lilipoidhinisha kitumike kama lugha rasmi ya pili na kifundishwe kwa lazima shuleni, niliona nimepata mada ya maisha yangu. Nikaenda nayo mbio. Nikakusanya makala, nikahoji walimu, nikajaza madaftari manne. Kisha nikaketi kuandika, na kwa miezi mitatu sikutoa hata ukurasa mmoja ambao ningethubutu kumpelekea msimamizi.

Nilidhani tasnifu huandikwa kama barua, unaanzia salamu unaishia sahihi. Kila asubuhi nilifungua sura ya kwanza, aya ya kwanza, nikabadilisha sentensi mbili, nikafuta moja, jua likapanda. Sura ya kwanza inadai ujue tasnifu nzima inasema nini, nami nilikuwa sijui bado. Kodi ya chumba changu cha Wandegeya, mjini Kampala, iliponishinda, nilifungasha vitabu nikarudi Bombo nikiwa na aibu ambayo sikumwambia mtu.

Bibi hakuniuliza lolote. Alinisogezea kigoda, akaendelea na kazi yake. Nilikuwa nimeiona kazi hiyo tangu utotoni bila kuitazama. Siku ile niliitazama.

Mkeka hausukwi ukiwa mkeka. Kinachosukwa ni ukili, utepe wenye upana wa vidole vichache, ambao unarefuka na kurefuka mpaka unaviringishwa kama gurudumu na kuning'inizwa ukutani. Bibi husuka ukili kwa majuma kadhaa. Huusuka akipokea wageni, akisikiliza redio, akisubiri maharagwe yaive. Leo rangi ya zambarau, kesho mweupe mtupu, keshokutwa wenye vidoadoa. Ukimwuliza wakati huo mkeka uko wapi, hana cha kukuonyesha ila magurudumu yale ukutani. Halafu inafika siku anaketi sakafuni, anaulaza ukili kando ya ukili, anapitisha sindano ukingoni, na kwa muda mfupi sana ukilinganisha na ule wa kusuka, mkeka umetokea. Waganda nao huunganisha hivyo hivyo mikeka ya majani machanga ya mkindu, yale wanayoyaita ensansa.

Nilikuwa najaribu kusuka mkeka mzima kwa mpigo. Kesho yake nikaacha sura ya kwanza na nikachukua swali moja tu kutoka kwenye mahojiano: mwalimu wa Kiswahili amekitoa wapi Kiswahili chake? Nikaandika kurasa tatu juu ya hilo peke yake, na majibu ya walimu na maneno yao, bila kujali zitakaa sura gani. Siku iliyofuata nikaandika juu ya vitabu, yaani nani anavyo na nani anafundisha kwa nakala iliyofifia. Siku nyingine, wazazi wanasemaje mtoto akirudi nyumbani na Kiswahili mdomoni. Kila kipande kilikuwa na faili lake, lenye dai moja, ushahidi wake, na mahali ulipotoka hadi namba ya ukurasa. Nilijiwekea kurasa mbili au tatu kwa kila kipande, sizidishi, kwa sababu Bibi alinionyesha kwamba ukili mmoja ukiwa mpana kuliko mwenzake mkeka huvutika upande na haulali vizuri sakafuni. Mwezi wa tatu wa kuandika hivyo nilikuwa na vipande kumi na kitu. Nilivichapisha, nikavitandaza juu ya mkeka wenyewe, nikaanza kuvihamisha. Hapo ndipo sura zilipojitokeza. Sura ya kwanza niliiandika karibu na mwisho, kwa siku nne.

Sitaki mfikiri kwamba kusuka ukili ni mwanzo, maana kabla ya ukili kuna chane. Majani huanikwa, huchanwa kwa ncha ya sindano, kisha hupangwa kwa upana, na Bibi hutupa mengi. Hili lilinishangaza kuliko yote, wingi wa anachotupa. Na hakuna mtu pale kijijini anayepita akasema yule mama amechelewa kuanza mkeka. Kuchana ni kazi ya mkeka. Mimi kwenye kompyuta nilikuwa na makala nyingi nilizopakua, zimerundikana bila majina, nusu yake sikuwahi kuzifungua, na bado nilihesabu kwamba nimesoma. Nilizichambua upya kwa juma zima. Zilizohusu Tanzania tu bila kugusa hali yetu niliziweka kando, hata zile nzuri. Kila iliyobaki niliiandikia kadi yenye mistari mitatu: inasema nini, imejuaje, itanisaidia kipande gani. Kama mtachukua ushauri mmoja tu kutoka kwangu, chukueni huu wa kadi, tena mapema, kabla makala hazijawazidi nguvu.

Bibi hakuniruhusu kugusa ukili wake wa kuuza. Alinianzishia kawa, ile ya kufunikia chakula, ambayo huanza kama fundo lisilozidi kitufe. Unashika kiini cha nyuzi za mgomba, unakizungushia rafia, nyuzi za majani ya mti jamii ya mitende, kwa sindano, kila mzunguko unashikana na ule uliotangulia. Ukivuta mno mwanzoni, kawa inafunga mdomo mapema na kuwa kama kofia ya mtoto. Ukilegeza, inafanya mawimbi, na mawimbi hayo huwezi kuyanyoosha ukiwa umefika ukingoni. Yangu ilifanya mawimbi. Nilipomwonyesha jioni ya tatu alipitisha kidole akasema, "Fumua, mjukuu wangu. Mpaka kwenye fundo."

Usiku ule nililisoma tena swali langu la utafiti. Nilikuwa nimeandika kwamba nachunguza changamoto za ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda. Kila kitu duniani kingeingia humo, kuanzia mshahara wa mwalimu hadi paa la darasa. Nilikuwa nimelegeza mkono kwenye mzunguko wa kwanza, na mawimbi niliyokuwa nahangaika nayo katika sura ya nne yalitoka huko. Nikalifumua. Swali likawa: mwalimu ambaye hakusomea Kiswahili chuoni huandaaje somo la darasa la kwanza la sekondari? Nilipoteza kurasa karibu 30. Niwaambie ukweli, iliniuma. Pia mjue kwamba rafia iliyokwisha kushonewa ikifumuliwa huwa na nyuzinyuzi na haifai kushonea mahali panapoonekana. Aya nilizojaribu kuzihamisha kutoka rasimu ya zamani zilikuwa hivyo hivyo. Zilibeba alama za swali la zamani. Data yangu ilibaki nzima, lakini maneno ilibidi niyaandike upya.

Kuna somo jingine, la kiraka, lililonijia mbali na Bombo. Katikati ya kazi nilimsindikiza shangazi yangu msibani upande wa Masaka, na tukalala karibu na banda la mafundi wa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Ufundi huo UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu mwaka 2005, na miaka mitatu baadaye ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Kwa Waganda ni wa zamani kuliko kumbukumbu, na wenye dhamana nao kwa kurithi ni ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji, chini ya fundi wao mkuu, Kaboggoza. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, na shina hufungwa kwa majani ya mgomba ili lipone na kuota gome jingine. Mti mmoja huendelea kutoa kwa miaka mingi. Gome lenyewe hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza ile ya mifereji minene, mwisho ile laini, ndani ya banda lililo wazi lakini lenye kivuli, kwa sababu likikauka haraka limeharibika. Nilisikia mdundo huo alfajiri nikadhani ni ngoma.

Gome huwa na matundu, pale palipokuwa na tawi au jeraha. Fundi halitupi gome kwa sababu hiyo, wala halifichi tundu. Anakata kipande cha lubugo, anakiweka, anakishona, na mishono inaonekana. Nguo hiyo hiyo yenye kiraka ndiyo wanayozikiwa wazee wenye heshima.

Mimi nilikuwa na tundu. Simu yangu ilikuwa imeibwa kwenye teksi pamoja na rekodi za walimu wawili ambazo sikuwa nimezinakili popote. Nilibaki na maelezo ya kalamu tu, na nilikuwa nimeanza, nakiri, kuyaandika maneno yao kutoka kichwani na kuyawekea alama za kunukuu. Niliporudi Bombo nilizifuta nukuu zote za walimu wale wawili. Katika sura ya mbinu niliandika waziwazi kwamba rekodi mbili zilipotea, kwamba walimu hao watatajwa kwa muhtasari wa maelezo niliyoandika palepale, bila nukuu. Siku ya utetezi mtahini wa nje aliuliza juu ya aya hiyo. Nilimjibu kama ilivyokuwa, akaandika kitu, tukaendelea. Maswali yaliyonitoa jasho yalikuwa mengine kabisa, ya nadharia. Ninyi nakilini rekodi siku ileile mnayohoji, mahali pawili, kabla hamjala chakula cha jioni. Lakini tundu likitokea, lishoneeni kiraka kinachoonekana. Nukuu ya kubuni hata moja inaitia doa tasnifu nzima, na wewe utakuwa unajua ilipo.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Umeme ukikatika jioni, nami nikiwa na kawa mapajani, nilimsimulia Bibi nilichoandika mchana. Bibi hakusoma shule, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Nikimaliza anauliza, "Kwa hiyo?" Mara nyingi sikuwa na jibu, na hapo nilijua kipande hakijaisha. Mikono ikiwa na kazi, kimya baada ya swali hakiogopeshi kama kile cha ofisini kwa msimamizi. Unapita mzunguko mmoja, wa pili, na jibu linakuja au halijaja.

Hata hivyo niwatahadharishe. Kuna mwezi nilimaliza kawa mbili na sikuandika hata aya moja ya sura ya majadiliano. Kazi ya mikono inakupa kitu kilichokamilika, cha kushika na kusifiwa, na tasnifu haikupi hilo kwa muda mrefu. Ni rahisi sana kukimbilia kule. Niliweka utaratibu baada ya mwezi ule: asubuhi hadi adhuhuri ni tasnifu, sindano baada ya alasiri, na siku isiyokuwa na aya haikuwa na rafia. Ukiona unapenda kusuka kuliko kuandika kwa majuma mawili mfululizo, mwambie msimamizi umekwama wapi. Kusuka hakutakukwamua.

Tena, hao wanaotufundisha wanaishi kwa kazi hii. Ukienda kwa msusi, lipia muda wake, au nunua alichosuka kwa bei aliyotaja. Kupunguziwa bei ya mkeka uliomchukua mtu majuma, kisha ukaandika katika shukrani za tasnifu kwamba alikutia moyo, si uungwana. Kwenye masoko ya kazi za mikono ya Kampala, kama lile la Barabara ya Buganda, muulize mwuzaji kitu kimesukwa na nani na wapi. Wengi wanajua, na wengine watakuelekeza kwa msusi mwenyewe.

Kwa kuanzia usinunue vitu vingi. Fungu moja la rafia isiyotiwa rangi, nyuzi za mgomba zilizokauka, sindano yenye tundu pana, na bakuli la maji la kulainishia. Anza na kawa ndogo ya kufunikia kikombe. Kama una jamaa anayesuka, nenda kwake kabla hujanunua chochote, maana ana mabaki ya kutosha na atataka kwanza kuona unavyoshika sindano. Anayetaka kuja Bombo anitafute. Jumamosi Bibi huwa barazani tangu saa nne. Mje na daftari zenu.