Siku ya nane imetoka wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Parokia yetu inajenga kisima cha ubatizo. Paroko anataka kiwe na pembe nane, eti ni ishara ya "siku ya nane". Fundi analalamika kwamba pembe zinamchelewesha, angependa kukifanya cha duara. Shemeji yangu Msabato naye ananicheka: juma lina siku saba, hiyo ya nane mmeiokota wapi? – Msomaji, Musoma

JIBU: Milele amina. Mwambie shemeji tumeiokota katika Torati, kitabu anachokijua vizuri kuliko Wakatoliki wengi ninaowafundisha. Mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane. Ndama hukaa na mama yake siku saba, na kuanzia ya nane ndipo anafaa kutolewa sadaka. Haruni na wanawe walikaa mlangoni pa hema siku saba wakiwekwa wakfu. Siku ya nane wakaanza kazi. Saba inakamilisha, nane inafungua ukurasa.

Wayahudi wenyewe hawakuiona Sabato kuwa mapumziko tu. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa miaka ya 200 hivi, Zaburi ya 92 iliyoimbwa hekaluni siku ya Sabato inaitwa wimbo wa wakati ujao, wa siku ambayo yote ni Sabato. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza waliposema kuna siku ng'ambo ya siku, hawakuwa wanabuni lugha ngeni.

Waraka wa Barnaba, barua ya Wakristo wa kale isiyomo katika Biblia, ulioandikwa kati ya mwaka 70 na 135 hivi, unachukua neno la Zaburi kwamba miaka elfu kwa Mungu ni kama siku moja, unapiga hesabu: siku sita za uumbaji ni miaka 6,000, kisha pumziko, kisha siku ya nane, mwanzo wa ulimwengu mwingine, ndiyo sababu tunaishangilia siku aliyofufuka Yesu. Sikupendekezi waraka huo kwa shemeji, maana unawasema Wayahudi vibaya mno. Na hesabu yake ilizaa matatizo. Hippolytus, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 3, alisema Kristo alizaliwa mwaka wa 5500 tangu uumbaji, basi kuanzia hapo hadi 6,000 ni miaka 500. Ikaisha, watu wakaendelea kulima. Ukiletewa kikaratasi chenye tarehe ya mwisho wa dunia, kitumie kuwashia jiko.

Mimi namfuata Yustino, aliyeandika Roma karibu na mwaka 150. Kwake Jumapili ni siku ya kwanza, Mungu alipoligeuza giza, na siku hiyohiyo ni ya nane: ukimaliza saba, inayofuata ni ile ya kwanza tena, ila sasa ina Ufufuko ndani yake. Haiongezwi kwenye kalenda. Yustino anawataja pia watu wanane wa safina ya Nuhu, na hapo ndipo tunafika kwenye kisima chenu, kwa sababu Waraka wa Kwanza wa Petro (3:20) unasema nafsi nane ziliokolewa kwa maji, kisha papo hapo unataja ubatizo.

Milano, katika karne ya 4, palijengwa nyumba ya ubatizo yenye pande nane, na kisima chake vilevile. Augustino alibatizwa humo na Askofu Ambrosio, Pasaka ya mwaka 387. Mabaki ya nyumba hiyo yako chini ya kanisa kuu la Milano hadi leo. Miaka mingi baadaye, akihitimisha kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, Augustino aliandika kwamba Sabato yetu haitakuwa na jioni; itaishia katika siku ya Bwana, ya nane, ya milele.

Sasa fundi. Hakuna sheria inayolazimisha pembe nane. Wazee wa kale walijenga visima vya duara, vya msalaba, hata vya pembe sita, kwa kuwa Ijumaa ya mateso ni siku ya sita. Duara si kosa. Lakini paroko wenu ana hoja, na pembe nane si nyingi. Mwongezeni fundi siku mbili za posho.